BARAFU CHAFU: AULIZWE NANI?

Ndugu Wanachama wa mahoteli, mabaa na majikoni,

Kuna maneno ambayo mabwana wenye mahoteli huyapenda sana kila jambo linapoharibika: "Ni uzembe wa wafanyakazi." Supu ikichacha, ni uzembe wa wafanyakazi. Taulo zikipungua, ni uzembe wa wafanyakazi. Na sasa wamepata jambo lingine, nalo ni mashine ya barafu. Ikionekana kuvu nyeusi ndani yake, au barafu ikitoka na harufu, mara huandikwa barua ya onyo. Barua hiyo haiandikiwi mwenye mashine. Huandikiwa yule anayechota barafu.

Sisi twasema hapana. Mashine ya barafu haiwi chafu kwa sababu mtu wa baa ni mvivu. Huwa chafu kwa sababu ya maji, hewa na wakati, na vitu hivi vitatu vyote vimo mikononi mwa mwajiri. Yeye ndiye achaguaye maji yatakayoingia katika mashine. Yeye ndiye achaguaye mahali itakapowekwa. Yeye ndiye apangaye saa za kazi. Basi mwenye kushika vitu vitatu asimtupie lawama mwenye kushika kichoteo.

Hatusemi haya kwa mchezo. Katika hoteli moja ya pwani Bwana Afya alikuja, akafunua mashine, akapitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wake, nacho kikatoka cheusi. Kesho yake ndugu yetu wa baa, mtu wa miaka mingi pale, akaambiwa arudishe sare yake. Ndugu huyu hakupewa hata siku moja ufunguo wa kufungulia kifuniko cha mbele. Hakupewa dawa wala hakufundishwa. Kazi yake iliyoandikwa ni kuuza vinywaji. Tangu afike hapo, mashine ile haikuzimwa isipokuwa stima ilipopotea. Hatuitaji hoteli hiyo kwa kuwa shauri lake bado linazungumzwa, na kwa kuwa mahoteli ya namna hiyo ni mengi.

Basi twaeleza hapa jambo zima, ili kila mwanachama aweze kujibu akiulizwa, na ili kila bwana meneja atakayeisoma karatasi hii ukutani ajue kwamba tunajua.

KWANZA, MAJI

Tazama ndani ya birika la nyumbani lililochemshiwa maji ya kisima kwa mwaka mmoja. Utaona ukoko mweupe, mgumu kama gamba la yai. Hiyo ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka katika maji bila kuonekana. Birika huitoa kwa moto. Mashine ya barafu huitoa kwa baridi. Pampu humwaga maji juu ya bamba la kugandishia tena na tena. Maji matupu huganda kwanza, na chumvi na chokaa hubaki katika maji ambayo hayajaganda. Kila barafu inapozidi, maji yaliyobaki katika karai la chini huzidi ukali. Mashine humwaga sehemu ya maji hayo, lakini chokaa nyingine hushika: bambani, katika vitundu vya kumwagia maji, juu ya boya, na juu ya kile kidude kinachopima kimo cha maji.

Matokeo yake kila mtu wa baa ayajua, hata kama hakuambiwa sababu. Barafu hutoka nyembamba, au nyeupe kama maziwa, au yenye mashimo. Hung'ang'ania bamba badala ya kuanguka. Mashine huchukua muda mrefu zaidi, stima hutumika zaidi, na Jumamosi usiku, baa ikiwa imejaa, hugoma. Naam, mashine hugoma, wala hakuna anayeipeleka mahakamani.

Na maji yetu ni ya namna gani? Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na hayautoshi mji. Kwa hivyo mahoteli mengi ya ufukoni hutumia visima vyao wenyewe. Visima hivyo vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile ambalo wazee walilichoma tanuruni kupata chokaa ya kujengea nyumba za Mombasa na Lamu. Maji yaliyolala katika jiwe la chokaa hutoka na chokaa. Nairobi nako, maji ya Ndakaini na Sasumua ni mepesi, lakini yakikatwa kwa zamu hoteli hununua maji ya magari au huwasha pampu ya kisima chake, na mashine hunywa chochote inachopewa.

Watengenezaji wa mashine hizi kwa kawaida huagiza zisafishwe kikamilifu angalau mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa maji ni magumu. Wengi wa mabwana zetu husoma yale maneno "mara mbili" kisha hufunga kitabu. Wengine hawakukifungua kabisa.

Wako pia wanaosema, "Sisi tumeweka chujio." Vizuri. Lakini ni chujio la nini? Chujio la kuzuia mchanga halizuii chokaa iliyoyeyuka. Chujio la makaa huondoa ladha na harufu ya klorini, na klorini ikiondoka kuvu hupata nafasi zaidi ya kuota, kwa hivyo mashine yataka kusafishwa mara nyingi zaidi, si mara chache. Tena chujio lisilobadilishwa kwa wakati wake huwa lenyewe kiota cha uchafu. Kuweka chujio kisha kulisahau ni kama kuajiri askari wa usiku kisha kumwacha alale.

PILI, HEWA

Watu wengi hudhani kwamba mahali pa baridi hapaoti kitu. Lakini ndani ya mashine ya barafu si kote kunakoganda. Juu ya bamba, nyuma ya kifuniko, chini ya pazia la plastiki na mdomoni mwa sanduku, kuna unyevu na giza, wala hakuna baridi ya kugandisha. Mbegu za kuvu na hamira huelea katika hewa, nayo hewa hiyo huingia kila kifuniko kinapofunguliwa. Mashine iliyowekwa karibu na tanuru la mikate, au karibu na mapipa ya bia, huvuta hamira mchana kutwa. Iliyowekwa karibu na makaango huvuta mafuta na vumbi mpaka mapezi yake ya kutolea joto yazibe, na ndani joto lipande.

Kwanza huja ute, wa rangi ya waridi au wa kahawia, unaoteleza ukiugusa. Halafu huja madoa meusi. Na ukoko wa chokaa huwasaidia adui hawa wawili, kwa sababu una vinyweleo na nyufa ambamo vijidudu hujificha, kitambaa kisiweze kuwafikia.

Nani alichagua kuiweka mashine pembeni mwa tanuru? Si mtu wa baa. Alipofika kazini aliikuta hapo.

Hapa mabwana wengine hucheka na kusema, "Barafu ni baridi, na baridi huua vijidudu." Si kweli. Baridi huvilaza vingi bila kuviua, kisha vikitiwa katika gilasi ya maji ya matunda huamka. Mwaka 1987 huko Marekani, katika Pennsylvania na Delaware, watu wengi waliugua tumbo kwa virusi vilivyotoka katika barafu ya kiwanda ambacho visima vyake vilikuwa vimeingiwa na maji ya mafuriko. Katika mahospitali ya ng'ambo, vijidudu vya Legionella vimepata kuonekana ndani ya mashine za barafu. Na sisi hapa twakumbuka mwaka 2017, kipindupindu kilipoingia hata katika mikutano mikubwa ya Nairobi na kuwalaza watu waliokula vizuri na kuvaa vizuri. Hatusemi kwamba siku ile ilikuwa barafu. Twasema kwamba ugonjwa wa maji hauulizi bei ya chumba.

Barafu ni chakula. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa usafi wa chakula waihesabu hivyo, na waagiza mashine isafishwe kama mtengenezaji alivyosema, au, ikiwa hakusema, mara zote zinazotosha kuzuia uchafu na kuvu zisijikusanye. Mpishi haruhusiwi kupakua wali katika sufuria iliyoota kuvu. Kwa nini barafu ipakuliwe?

TATU, WAKATI, NAO NDIO UGOMVI WENYEWE

Sasa twafika penye mzizi. Kusafisha mashine ya barafu si kupangusa mlango wake mpaka ung'ae. Ni kazi ya saa kadhaa, na ina mpango wake. Kwanza mashine yasimamishwa, na barafu yote iliyomo sandukuni yatupwa. Halafu yatiwa dawa ya asidi, ile iliyoagizwa na mtengenezaji, izunguke ndani na kuyeyusha chokaa. Vipande vinavyofunguka vyafunguliwa na kusuguliwa kimoja kimoja kwa brashi laini. Halafu yote yasuuzwa kwa maji mengi. Baada ya hapo tu ndipo yatiwa dawa ya kuua vijidudu, kwa kipimo kilichoandikwa na kwa dakika zilizoandikwa. Sanduku nalo laoshwa, pande zake zote na mfereji wake wa kutolea maji. Mwishowe mashine yawashwa, na barafu ya kwanza yatupwa.

Anayeanza kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuondoa chokaa na ute amepoteza dawa, kwa sababu haipenyi. Anayetumia asidi isiyofaa hubambua madini yanayolifunika bamba, na bamba lililobambuka haliponi. Na anayechanganya asidi na dawa ya klorini, ile ambayo nyumbani twaiita jiki, hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo ya klorini ndiyo ambayo majeshi ya Wajerumani yaliwafungulia adui zao huko Ypres mwaka 1915, na watu wakafa kwa kukosa pumzi. Leo kijana wa kibarua hupewa chupa mbili zisizo na karatasi ya jina, akaambiwa: "Ingia kule nyuma, safisha haraka." Kule nyuma hakuna dirisha.

Twauliza: je, hiyo si kazi ya ufundi? Ikiwa si ya ufundi, bwana meneja na aifanye mwenyewe Jumatatu asubuhi.

Mabwana hujibu kwa namna tatu. Wa kwanza husema, "Mashine haiwezi kusimama, wageni wataka barafu." Nasi twajibu: mashine itasimama tu. Itasimama kwa saa kadhaa siku uliyoichagua, au itasimama kwa siku kadhaa katika wiki ya Krismasi, ikimngoja fundi. Chagua.

Wa pili husema, "Mashine yetu ina kitufe cha kujisafisha." Kitufe huzungusha dawa ndani ya njia ya maji. Kitufe hakisugui sanduku, hakifungui pazia, hakitoi vumbi katika mapezi, wala hakitupi barafu ya zamani. Kitufe si mfanyakazi.

Wa tatu husema, "Kampuni ya mafundi hutujia." Vema. Basi tuonyeshe daftari. Walikuja lini? Walifanya nini? Nani alitia sahihi? Hoteli inayoweza kueleza kila soda iliyotoka stoo haishindwi kuandika tarehe nne kwa mwaka.

Ukweli ni huu: wanajua kwamba kazi hii yahitaji saa, na saa zahitaji mshahara. Kwa hivyo huificha ndani ya kazi nyingine. Huambiwa mtu wa baa, baada ya kufunga saa saba za usiku, "Kabla hujaondoka, pitia na mashine." Si saa za ziada. Si zamu. Ni "pitia" tu. Halafu siku ya Bwana Afya, lile neno "pitia" hugeuka kuwa wajibu mkubwa ulioandikwa kwa wino mwekundu.

SHERIA YASEMAJE

Wanachama wasidanganywe kwamba hatuna pa kusimama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi kuwapa wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi. Yamtaka ampe anayeshika vitu vya kudhuru mavazi ya kujikinga, glavu na miwani pia panapohitajika. Tena, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, pawe na kamati ya usalama na afya. Je, kamati ya hoteli yako ilikutana lini? Je, iliwahi kuitaja mashine ya barafu?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo yasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize majibu yake, na mfanyakazi anayo haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama chumbani. Kisha mwajiri ndiye atakiwaye kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya kweli na ya haki. Na kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika kwaruhusiwa pale tu mfanyakazi alipofanya kosa kwa kusudi. Chokaa haianguki bambani kwa kusudi la mtu wa baa. Ilitoka kisimani.

NASI TUNA WAJIBU

Tusiwaombe mabwana wafanye lao huku tukiacha letu. Kuna mambo ambayo hayahitaji ufunguo wala dawa ya bei. Usichote barafu kwa gilasi, kwa kuwa gilasi ikivunjika sanduku zima ni la kumwagwa na kuoshwa. Usiweke chupa ya bia wala nyama katika sanduku la barafu ipoe. Usikiache kichoteo kikilala ndani ya barafu, kishikio chake kikigusa kile ambacho mgeni atakunywa. Kioshe, ukiweke mahali pake, nje, panapokauka. Osha mikono. Funga kifuniko. Na kama fundi ameziba mfereji wa kutolea maji, au ameuunga moja kwa moja na bomba la maji machafu bila kuacha nafasi ya hewa katikati, piga kelele, maana uchafu hupanda.

Jambo kubwa kuliko hayo yote ni kuandika. Ukiona ute, ukiona weusi, ukiona barafu imekuwa nyeupe na nyembamba, mwandikie meneja maneno mawili, tia tarehe, weka nakala, nyingine mpe mwakilishi wetu wa kazini. Neno la mdomo bwana huliсahau. Karatasi haisahau.

TUNATAKA NINI

Kamati yetu yataka mambo haya yaingizwe katika mazungumzo ya mapatano yajayo, na kila tawi lijiandae kuyatetea:

1. Kusafisha mashine ya barafu kuandikwe kuwa kazi, yenye mtu wake, siku yake na saa zake. Ikifanywa baada ya zamu, ilipwe kama saa za ziada.

2. Tarehe za kusafisha zipangwe kwa kupima maji ya mahali, si kwa kubahatisha, na hoteli za visima vya matumbawe zisafishe mara nyingi zaidi.

3. Atakayefanya kazi hii afundishwe kwanza, apewe kitabu cha mashine, dawa zenye karatasi za majina, glavu, miwani na aproni, na mahali penye hewa.

4. Daftari litundikwe kando ya mashine, litiwe sahihi na aliyesafisha na msimamizi aliyekagua.

5. Asipewe onyo wala asiachishwe kazi mtu yeyote kwa uchafu wa mashine ambayo hakupewa saa, dawa na mafunzo ya kuisafisha.

Mabwana watasema kwamba haya ni mambo madogo, chama kina mambo makubwa ya kufanya. Twawajibu kwamba mwezi wa Januari 1947, mgomo mkuu wa Mombasa ulipoanza bandarini na relini, watumishi wa mahoteli na wa majumbani nao waliacha kazi. Wakati ule mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa "boi", akahesabiwa kuwa mikono tu isiyo na kichwa. Jina lile limekwisha. Lakini kila mara mtu anapofutwa kwa kosa la bomba, la kisima na la ratiba ambayo hakuipanga, fikira ile bado iko hai.

Mgeni anayetia barafu katika gilasi ya mtoto wake anamwamini mtu asiyemwona. Sisi ndio watu hao. Twataka kuistahili imani hiyo, na tupewe vifaa na saa za kuistahili. Mwenye hoteli anayetunyima hivyo hatunyimi sisi peke yetu. Amnyima mgeni, na amnyima yule mtoto.

Isomeni karatasi hii kwa wenzenu wa zamu ya usiku. Leteni habari za mashine zenu kwa mwakilishi wa kazini kabla ya mkutano wa tawi. Na asiye mwanachama bado, ajiunge sasa, asingoje barua ya onyo imfikie kwanza.

Umoja ni nguvu.

Ndugu zenu,
KAMATI YA TAWI